Mbegu Ndogo Kutoka Tanga: Maisha ya Walter von Saint Paul

Tuseme kwamba wewe unakaa Kasense, Sumbawanga, mkoani Rukwa. Ni mwezi wa Julai. Asubuhi unapokwenda shuleni upepo wa Ufipa unapenya nguo zako, na vidole vinakufa ganzi hata kushika kalamu ni taabu. Siku kumi zilizopita ulipanda mbegu za maua katika tuta mbele ya darasa. Ulizimwagilia maji kila siku kama mwalimu alivyokuagiza. Leo unafukua udongo kidogo kwa kidole. Mbegu zimo, lakini hazijaota.

Je, mbegu hizo zimekufa? Au ziko hai, nazo zinangoja kitu fulani?

Katika somo hili utasoma habari za mtu mmoja aliyeishi zamani, ambaye jina lake lilipewa ua la nchi yetu. Ua hilo lilitoka katika joto la Tanga, likaenda kuishi katika nchi yenye theluji. Safari yake itakusaidia kujibu swali la mbegu zako za Kasense. Itakuuliza pia swali jingine lililo gumu zaidi: ua ni la nani?

Mbegu inayongoja

Mbegu ni kiumbe hai. Ndani yake umo mmea mchanga uliolala pamoja na akiba yake ya chakula. Ili uamke, mmea huo unahitaji maji, hewa na joto la kutosha. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo vitatu, mbegu hungoja. Ikingoja mno katika udongo wenye maji na baridi, huoza.

Unajua tayari kwamba kadiri tunavyopanda juu kutoka usawa wa bahari, ndivyo hewa inavyozidi kuwa baridi. Joto hupungua kwa kiasi cha nyuzi 6 za Sentigredi kwa kila mita 1,000. Tanga iko pwani. Mji wa Sumbawanga uko juu ya tambarare ya Ufipa, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Kwa hiyo mbegu iliyozoea joto la Tanga ikipandwa Kasense mwezi wa Julai hukuta udongo uliopoa sana. Maji inayo na hewa inayo. Kinachokosekana ni joto.

Mtu tutakayemsoma habari zake alizaliwa katika nchi ambayo baridi yake huzidi sana baridi ya Ufipa.

Kijana wa Berlin

Walter von Saint Paul-Illaire alizaliwa Berlin, nchini Ujerumani, tarehe 12 Januari 1860. Jamaa yake walikuwa watu wenye cheo. Baba yake, Ulrich, alipenda sana mimea, naye alikuwa na bustani huko Silesia, katika sehemu ambayo siku hizi imo katika nchi ya Poland.

Katika nchi ya Ujerumani mwaka una majira manne. Wakati wa baridi, kuanzia Desemba hadi Februari, maji huganda kuwa barafu na theluji hufunika mashamba. Kaskazini mwa nchi hiyo jua la Desemba huonekana kwa muda usiofika saa nane kwa siku. Miti mingi hupukutisha majani yote. Baada ya baridi huja majira ya kuchipua, ambapo udongo hupata joto na mimea huanza tena kukua.

Mkulima wa bustani katika nchi kama hiyo hawezi kungoja udongo wa nje upate joto ndipo aanze kazi yake. Akingoja hivyo, maua yake yatachelewa na majira ya joto yatampita. Kwa hiyo huotesha mbegu ndani ya nyumba wakati nje bado ni baridi, wiki sita au nane kabla ya siku za barafu kwisha. Majira ya kuchipua yakifika, miche iko tayari kuhamishwa. Lakini haihamishwi kwa ghafula. Kwanza hutolewa nje saa chache mchana na kurudishwa ndani usiku, mpaka izoee upepo na jua kali.

Saint Paul alikuja Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1880. Hakuja kutafuta maua. Alikuja kama mtumishi wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki, iliyotaka kuitawala nchi yetu na kupata faida. Alijifunza Kiswahili, na mwaka 1890 kilichapishwa kitabu chake cha kuwafundisha Wajerumani lugha hii. Wananchi wa pwani waliipinga kampuni hiyo kwa silaha mwaka 1888, wakiongozwa na Abushiri bin Salim na viongozi wengine. Kampuni ilishindwa kuwatuliza, ndipo serikali ya Ujerumani yenyewe ilipoleta majeshi, na mwaka 1891 ikashika utawala. Mwaka huo huo Saint Paul aliwekwa kuwa mkuu wa wilaya ya Tanga. Alikaa katika kazi hiyo hadi mwaka 1910.

Yafaa uyakumbuke mambo hayo unapoendelea kusoma. Serikali aliyoitumikia Saint Paul ilichukua ardhi ya wananchi na kuwapa wageni mashamba makubwa. Mtu aweza kuwa na jicho zuri la kuona mimea, na wakati huo huo akawa chombo cha utawala usio wa haki.

Ua katika kivuli cha mwamba

Karibu na Tanga, na juu zaidi katika milima ya Usambara, ipo miamba yenye kivuli na unyevu. Katika nyufa za miamba hiyo, palipo na udongo kidogo na kuvumwani, humea mmea mfupi. Majani yake ni manene yenye vinyweleo laini, nayo hupangika kwa duara na kulala karibu na ardhi. Katikati huchomoza maua madogo ya rangi ya urujuani yenye doa la manjano. Mtu apitaye kwa haraka aweza kuukanyaga asitambue.

Wenyeji wa misitu hiyo waliuona mmea huo vizazi vingi kabla mgeni yeyote hajafika. Hata miongoni mwa wageni, Saint Paul hakuwa wa kwanza. Mwaka 1884 John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza huko Unguja, alipeleka mfano wa mmea huo katika bustani ya Kew, karibu na London. Mwaka 1887 mmishonari W. E. Taylor alipeleka mwingine. Lakini mifano hiyo ilikuwa imekaushwa, na haikuwatosha wataalamu kuueleza mmea wenyewe. Mmea uliokaushwa hauwezi tena kukua, wala kutoa ua jipya la kuchunguzwa.

Saint Paul alipouona mmea huo, yapata mwaka 1892, alifanya jambo lililokuwa tofauti. Alikusanya mbegu zake, akampelekea baba yake Ujerumani. Hapo ndipo ulipo ufunguo wa habari hii. Mbegu haikuwa mfano mkavu wa kutazamwa. Ilikuwa mmea hai uliolala, nao ungeweza kuamka mahali popote pale ambapo ungepewa mahitaji yake.

Nyumba ya vioo

Baba alizifikisha mbegu hizo kwa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen katika mji wa Hannover. Wendland alizaliwa mwaka 1825. Baba yake na babu yake walikuwa watunza bustani hapo hapo kabla yake, na yeye mwenyewe alijulikana kwa ujuzi wake wa mimea ya jamii ya minazi na michikichi. Alijua kutunza mimea ya nchi za joto katika nchi ya baridi.

Fikiri juu ya kazi iliyokuwa mbele ya mtu huyo. Mbegu za ua la Usambara ni ndogo kama vumbi. Linganisha na mbegu ya haragwe. Haragwe lina akiba kubwa ya chakula, kwa hiyo mche wake waweza kusukuma udongo mzito kabla ya kufika kwenye mwanga. Mbegu iliyo ndogo kama vumbi haina nguvu hiyo. Ikifukiwa, mche wake hufa kabla ya kufika juu. Yapasa kunyunyizwa juu ya udongo laini na kuachwa pasipo kufunikwa kwa udongo, ili mche upate mwanga mara uotapo na kuanza kujitengenezea chakula. Nayo isikauke hata siku moja, wala isisombwe na maji mengi.

Tena mmea huu hauvumilii baridi. Ukipigwa na barafu hufa. Kama mbegu zile zingepandwa katika tuta la nje wakati wa theluji, habari yetu ingekwisha hapo.

Ndiyo sababu nyumba ya vioo ilihitajika. Kuta na paa la nyumba hiyo ni za vioo. Mwanga wa jua hupita katika vioo, hugonga udongo na meza, navyo hupata joto. Vitu hivyo huipasha moto hewa iliyomo ndani, na vioo huizuia hewa hiyo isitoke. Siku za baridi kali, ambapo jua ni hafifu, nyumba za namna hiyo zilipashwa moto kwa mabomba ya maji yaliyochemshwa katika tanuri. Wakulima wasiokuwa na mabomba walikuwa na njia nyingine ya kale. Walijaza samadi mbichi ya farasi katika shimo, wakaweka udongo juu yake, wakapanda mbegu na kufunika kwa kioo. Samadi ilipooza ilitoa joto na kuupasha udongo kutoka chini.

Jambo hilo la mwisho si geni kwako mwanafunzi wa Ufipa. Tangu zamani Wafipa hufukia majani katika matuta ya duara yaitwayo ntumba, na majani hayo yakioza hurutubisha shamba. Ukilichimbua fungu kubwa la majani mabichi yanayooza, utasikia joto lake mkononi. Joto hilo hutokana na kazi ya vijidudu vinavyoozesha majani.

Mbegu za Tanga ziliota katika mikono ya Wendland. Mimea ilikua, ikatoa maua. Mwaka 1893 Wendland aliueleza mmea huo kwa maandishi ya kitaalamu na kuupa jina la Saintpaulia ionantha. Sehemu ya kwanza ya jina iliwaheshimu Saint Paul baba na mwana. Sehemu ya pili yaeleza kwamba maua yake yanafanana na urujuani wa Ulaya, ingawa mimea hiyo miwili si ya jamii moja. Mwaka huo huo maua hayo yalionyeshwa katika maonyesho makubwa ya bustani mjini Ghent, nchini Ubelgiji, nayo yakapendwa na watu wengi.

Mwaka 1893 mmea mwingine ulisafiri kwa njia iliyo kinyume. Mtaalamu wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani, ipitie Hamburg hadi Tanga. Miche iliyoagizwa ilikuwa 1,000. Mingi ilikufa njiani, ikafika hai 62 tu. Hiyo michache ndiyo iliyokuwa mwanzo wa mashamba makubwa ya mkonge katika nchi yetu. Unaona jinsi bahati ya nchi nzima inavyoweza kutegemea miche michache iliyotunzwa vyema.

Jina na faida

Baada ya maonyesho ya Ghent, mbegu za ua la Usambara ziliuzwa na nyumba ya biashara ya Ernst Benary katika mji wa Erfurt. Mwaka 1926 wakulima wa maua wa Los Angeles, Marekani, walipata mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza. Waliotesha miche mingi, wakachagua aina kumi zilizo bora kuliko nyingine. Kutokana na hizo na nyingine zilizofuata, watu wamepata aina nyingi sana: nyeupe, za waridi, zenye petali nyingi, zenye majani yaliyokunjamana.

Kwa nini ua la msituni lilipenda kukaa ndani ya nyumba za watu? Sababu ni rahisi ukiijua asili yake. Kwao Usambara limezoea kivuli, hewa ya joto la kadiri na unyevu usiozidi. Karibu na dirisha la nyumba iliyopashwa moto huko Ulaya, hali yake hufanana na hiyo. Ua hilo halikubadili tabia yake. Watu ndio waliolijengea hali ya kwao.

Saint Paul aliondoka Tanga mwaka 1910. Aliishi kuona utawala wa Wajerumani katika nchi yetu ukivunjika katika Vita Kuu ya Kwanza. Alifariki Berlin tarehe 12 Desemba 1940, akiwa na umri wa miaka 80. Kazi yake ya utawala imebaki katika vitabu vya historia tu. Watu wa nchi nyingi wamelitaja jina lake kwa sababu ya ule mmea mfupi wa miambani.

Hata jina hilo limebadilika. Mwaka 2015 wataalamu waliochunguza undugu wa mimea waliliweka ua hilo katika jenasi iitwayo Streptocarpus. Hivyo ndivyo sayansi ilivyo. Jina hutolewa kwa ushahidi, na ushahidi mpya ukipatikana jina laweza kubadilishwa.

Sasa turudi kwenye swali letu gumu. Ua hili asili yake ni misitu ya Tanzania na ya sehemu chache za Kenya. Hata hivyo biashara yake ilijengwa Ulaya na Marekani, na wenyeji wa misitu hawakuulizwa lolote mbegu zilipochukuliwa. Siku hizi mambo yamebadilika. Kwa mkataba wa kimataifa uliofanywa mwaka 1992 kuhusu hifadhi ya viumbe hai, kila nchi ina mamlaka juu ya mimea na wanyama wake, na achukuaye yampasa kuomba ruhusa. Lakini mamlaka ya karatasi hayatoshi. Misitu ikikatwa, miamba hubaki juani na maua hayo hukauka. Aina za ua hili zinazomea mahali padogo sana zaweza kutoweka kabisa, hata kama jamaa zao zinastawi madirishani huko Ulaya. Ndiyo sababu misitu ya Amani, katika Usambara ya Mashariki, ilitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997.

Katika maisha ya Saint Paul tusiige utawala wake. Tuige jambo moja: aliona mmea mdogo ambao wengi waliupita, akakusanya mbegu, akazifikisha kwa mtu ajuaye kuzitunza. Wewe nawe una macho kama yake. Katika Ufipa imo mimea ambayo wewe waijua kuliko mtaalamu yeyote wa mbali. Iangalie, iandike habari zake, otesha mbegu zake, na uilinde mahali inapomea.

Jaribio: Je, joto la usiku husaidia mbegu kuota?

Fanya jaribio hili mwezi wa Julai, wakati wa baridi.

Vifaa: makopo mawili yaliyo sawa, msumari, udongo mweusi, mchanga na mbolea ya majani yaliyooza, mbegu 20 za maua ya bustani ya shule, au za alizeti, maji, daftari.

Njia:

1. Toboa matundu matatu chini ya kila kopo ili maji yasituame.

2. Changanya udongo, mchanga na mbolea kwa vipimo vilivyo sawa. Chekecha mchanganyiko, kisha jaza makopo yote mawili.

3. Panda mbegu 10 katika kila kopo. Mbegu kubwa zifukie kidogo. Zilizo ndogo sana zinyunyize juu tu.

4. Andika A juu ya kopo moja na B juu ya jingine. Yamwagilie maji kwa kipimo kile kile.

5. Mchana weka makopo yote mawili pamoja mahali penye jua. Usiku kopo A liwekwe ndani ya jiko, mbali kidogo na mafiga. Kopo B liachwe nje.

6. Kila asubuhi hesabu miche iliyoota katika kila kopo, na uandike katika daftari pamoja na tarehe.

Miche ikipata majani manne ya kweli, izoeshe hali ya nje kwa muda wa wiki moja kabla ya kuihamishia katika tuta la shule. Ihamishe jioni, jua likiwa limepoa, na usiache kuimwagilia.

Maswali

1. Taja mahitaji matatu ya mbegu ili iote. Ni lipi lililokosekana katika tuta la Kasense?

2. Kwa nini mbegu za Saint Paul zilifaa kuliko mimea iliyokaushwa iliyopelekwa Kew?

3. Kwa nini mbegu iliyo ndogo kama vumbi haifai kufukiwa, lakini haragwe hufukiwa?

4. Katika jaribio lako, kwa nini ilipasa makopo yote mawili yapate udongo, maji na jua sawasawa?

5. Nyumba ya vioo na fungu la majani yanayooza vyote hutoa joto kwa mimea. Eleza tofauti ya chanzo cha joto hilo.

6. Waulize wazee wa kijijini kwako jina la mmea mmoja wa porini wenye maua. Andika mahali unapomea, mwezi unaotoa maua, na mwezi mbegu zake zinapokomaa. Kusanya mbegu chache tu, nyingine uziache zianguke mahali pake.